Damu ya Mara ya Pili

Shaabani 20, Alhamisi

Kwa jina la Aliyeiumba damu na akaikatia njia zake. Daftari hili nimepewa leo hospitali, niandike sukari na presha ya ndugu yangu Zein kila asubuhi. Mwenyewe hataki. Asema kalamu yake yeye ni bisibisi. Basi nitaandika mimi Mwanaesha, na darasa langu la saba. Hesabu zake nitazitia pembeni mwa ukurasa, na katikati nitaweka yangu, maana nyumba hii tuko wawili tu na yako maneno siwezi kumwambia yeye.

Zein ana miaka arubaini na sita, mimi hamsini na tano. Mama alipofariki nilikuwa na kumi na saba na yeye minane. Nikamlea. Sasa ni fundi wa friji, kibanda chake kiko Bondeni, na mimi nashona kanzu hapa nyumbani Kibokoni. Kisukari anacho mwaka wa kumi na moja. Mwaka jana tukaambiwa figo zimeanza kuchoka.

Leo tumekwenda kuandikishwa kwenye utafiti. Daktari mwenyewe ni msichana, Umaima, mjukuu wa mzee Qaidjohar aliyekuwa akituuzia misumari. Nikamnong'oneza Zein, "Huyu ndiye daktari au mtoto wa daktari?" Kumbe kasikia. Akacheka, akasema, "Bi Mwanaesha, nina miaka thelathini na mbili. Ni hii sura tu haijapata habari."

Akatueleza taratibu. Mshipa wa damu kwa ndani una utando laini, na kila siku unachubuka hapa na pale. Kwenye uloto, yale mafuta ya ndani ya mfupa, hutoka chembe fulani, yeye aziita seli, ambazo kazi yao ni kusafiri na damu mpaka palipochubuka, zipazibe. Mwenye kisukari huwa nazo chache, tena dhaifu, zikifika hazishiki. Na mishipa ya figo ni myembamba kuliko unywele. Ikikosa wa kuiziba, figo yafa kidogo kidogo bila hata kuuma.

Zein akasema, "Yaani ni mafundi."

"Ndiyo. Mafundi."

"Basi na hao ni mafundi wa Mombasa. Wawaita leo, waja mwezi ujao, na wakija wameacha vifaa nyumbani."

Daktari alicheka hadi miwani ikamteremka.

Damu watamtoa mara tatu: leo, baada ya wiki nne, na baada ya miezi mitatu. Katikati atameza vidonge, na wao watahesabu waone kama mafundi wameongezeka. Nikauliza, "Hamtamtia hizo seli?"

"Hapana, Bi Mwanaesha. Twahesabu tu. Sitaki kukupa tumaini nisilokuwa nalo mkononi. Lakini kila tukitoa damu ya kuhesabu, siku hiyo hiyo twapima na figo. Kukiharibika kitu tutaona mapema."

Mwisho akamwambia Zein, "Na Ramadhani usifunge. Wewe ni wa kunywa maji." Zein akainamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa atoke njiani bila nguo.

Shaabani 23, Jumapili

Joto. Nimepokea kanzu kumi na mbili za Idi.

Shaabani 27, Alhamisi

Gulshan, jirani wa ukuta wa pili, amenisimamisha kwenye ngazi. Yeye pia ana sukari, na figo zake nazo hazina nguvu, mwaka huu ni wa nne hafungi. Kwa kila siku hulisha masikini kibaba cha mchele. Nikamuuliza huona vipi kula mchana watu wakinusa mchuzi wake.

"Mimi nala na dirisha wazi, shoga. Mungu ananiona tangu zamani, nikufiche wewe?"

Nilicheka, lakini sikupendezwa. Naandika ukweli: moyoni nilisema huyu imani yake nyepesi, ameshapata sababu akaikumbatia. Babetu alifunga mwaka aliokufa, na kufunga kwake kulikuwa kwa kuhema.

Shaabani 29, Jumamosi

Mwezi umeonekana. Watoto wanapiga makopo kichochoroni. Zein ameniamkia kwa heri ya mwezi, kisha akaenda kulala mapema.

Ramadhani 1, Jumapili

Saa nne asubuhi niliingia jikoni kuchukua pasi. Nikamkuta Zein anakula mkate na yai. Amesimama, ameelekea ukuta, anatafuna bila sauti. Mwanamume mzima mwenye mvi, anakula kama aliyeiba.

Ningetoka kimya. Badala yake nikasema, "Zein, jaribu siku moja tu. Ukishindwa utafungua. Mungu hamlemei mja."

Hakugeuka. Akasema, "Daktari amesemaje, Dada?"

"Daktari amesema maneno ya daktari."

Akaweka mkate chini. Ule mkate niliukuta pale pale mpaka jioni.

Ramadhani 2, Jumatatu

Zein amefunga. Tulifuturu pamoja, sukari yake ilikuwa nzuri, na nilifurahi mno. Nikamwambia, "Waona?"

Ramadhani 3

Zein amefunga.

Ramadhani 4

Amefunga. Joto la kuvunja mawe. Kanzu sita nimemaliza, nyingine tano zimeletwa.

Ramadhani 6, Ijumaa

Amefunga. Msikitini wamemsalimu kwa furaha, asema. Mwaka jana aliumwa mwezi mzima, hawakumwona.

Ramadhani 9, Jumatatu

Ramadhani ndio msimu wake, kila mtu ataka maji baridi ya magharibi. Leo ametengeneza chumba cha barafu cha samaki huko Liwatoni, na mashine yenyewe iko juu ya paa la bati. Amerudi midomo myeupe kama amekula chokaa. Alifuturu gilasi mbili za maji akasema tumbo limejaa.

Ramadhani 12, Alhamisi

Asubuhi ameniambia mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Nikasema ni joto. Kila mtu mkojo wake una rangi hiyo mwezi huu.

Amefunga.

Ramadhani 17, Jumanne

Leo nimefanya jambo na sijui kama nimefanya vyema.

Zein simu yake huiacha kwangu mwezi huu, kwa sababu juu ya ngazi hawezi kupokea, na mimi huandika wateja. Saa tano ikalia. Umaima.

"Bi Mwanaesha, assalaam alaykum. Ramadhani njema. Kesho kutwa ni damu ya pili ya Zein, saa tatu asubuhi. Hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi."

"Hafungi, sivyo?"

Nikasema, "Hafungi."

Ulimi wangu ulisema hivyo nikiwa nimefunga. Nikaongeza haraka kwamba ana kazi nyingi, damu tuiweke baada ya Idi. Akasema tarehe ina maana yake, siku mbili tatu haidhuru lakini si wiki mbili. "Tafadhali, mwambie anipigie mwenyewe."

Nikasema inshaallah. Na Zein sikumwambia.

Sababu ni hii. Babetu alikuwa akipigwa chuku kila baada ya miezi miwili mitatu, damu ya mgongoni ikijaa pembe ya ng'ombe. Lakini Ramadhani ikiingia hakubali hata umkate ukucha ukatoka damu. Mimi nimekua nikijua kwamba damu ikitoka kwa kusudi, saumu imekwenda nayo. Zein ameshafunga siku kumi na sita, na kila moja nimeiona ikimtoka mwilini. Ije sindano moja iharibu? Wiki mbili ni nini. Figo haziendi popote.

Ramadhani 19, Alhamisi

Simu imelia mara tatu asubuhi. Nilikuwa nashona shingo ya kanzu. Nimeiacha ilie. Mara ya tatu nikaipokea, nikasema, "Baada ya Idi, binti yangu, niwie radhi," nikakata kabla hajajibu.

Zein amefunga.

Ramadhani 20, 21, 22

Amefunga zote. Analala sana.

Ramadhani 24, Jumanne

Ametapika futari. Kaimati hakugusa, na Zein wa kaimati namjua tangu ana meno ya maziwa. Nimemkanda miguu, na nilipoondoa kidole pakabaki shimo. Nikakanda tena pale pale, kama mtu anayetaka kufuta.

Nikamwambia, "Basi, Zein. Kesho ule."

"Zimebaki tano, Dada. Niache nimalize."

Mimi ndiye niliyemtoa jikoni siku ile. Sasa namwita arudi, na hasikii.

Ramadhani 27, Ijumaa

Amefunga. Presha sikuandika, mashine imetoa hesabu nisiyoipenda nikaona imeharibika.

Mfungo Mosi 1, Jumatatu. Idi

Alivaa kanzu niliyomshonea. Makubadhi hayakuingia, akaenda kuswali na kandambili za chooni. Aliporudi, Gulshan alikuwa ameshafika na sahani ya sambusa. Akayatazama macho ya Zein, wala hakumpa mkono wa Idi.

"Shoga, huyu amevimba mato. Mpeleke hospitali."

"Wageni waja, Gulshan. Kesho asubuhi."

"Wageni watakula wenyewe. Wana mikono."

Nilikasirika. Nikamwambia siku ya Idi mtu aseme neno la heri. Akaweka sahani yake chini, akatoka.

Mfungo Mosi 4, Alhamisi

Mvua imeanza. Naandika haya nikiwa kwenye benchi la hospitali, na nitayaandika yote.

Jumanne asubuhi Zein hakuamka vizuri. Alikuwa akiongea maneno yasiyoungana, anamwita mtu ampe spana namba kumi. Nikapiga hodi kwa Gulshan. Hakuuliza kitu, hakusema nilikwambia. Alivaa, akashika mkono mmoja wa Zein na mimi mwingine, tukateremka zile ngazi.

Hospitali wakamtoa damu, sasa bila kuuliza mtu. Uchafu wa mwilini ulikuwa umejaa. Chumvi moja ya damu imepanda, daktari wa zamu akasema kidogo tu moyo usimame. Wakamtia mpira wa shingoni, wakamuunga na mashine ya kusafisha damu. Saa nne nzima nikaitazama damu ya ndugu yangu ikizunguka nje ya mwili wake kwenye mipira, nyekundu, nyingi. Na mimi niliogopa vijichupa viwili vya utafiti.

Jana akapata fahamu. Leo asubuhi Umaima akaja. Hakuwa amevaa ile sura yake ya kucheka. Akasimama miguuni pa kitanda, akamsalimu, kisha akasema, "Zein, kwa nini hukuja?"

Zein akasema, "Kuja wapi?"

"Damu ya pili. Ramadhani kumi na tisa. Nilikupigia Jumanne, nikakupigia Alhamisi."

"Hukunipigia."

Umaima akashika chuma cha kitanda. Hakunitazama. Hilo ndilo lililoniumiza, kwamba alijizuia asinitazame. Zein ndiye aliyegeuza shingo na mpira wake, polepole, mpaka akanifikia.

"Dada?"

Nikasema, "Nilidhani damu itakufunguza."

"Ukamwambia nini?"

"Baada ya Idi."

"Na kufunga? Alijua nafunga?"

Umaima akasema kwa sauti ndogo, "Niliambiwa hafungi."

Zein akageuza uso ukutani. Nilijua uso ule. Ni ule wa jikoni, wa mkate na yai.

Nje ya wodi nikamshika Umaima mkono. Nikamuuliza, "Angekuja siku ile, mngeona?"

"Tungeona hesabu za figo zimeanza kupanda. Ningemfunguza siku hiyo hiyo na kumtia maji."

"Na figo zingepona?"

"Sijui, Bi Mwanaesha. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa ndogo sana, mafundi wake walikuwa wachache tangu Shaabani. Pengine zingefika hapa mwakani. Pengine miaka mitano. Siwezi kukwambia ni wewe, na siwezi kukwambia si wewe."

Nilitaka aseme moja kati ya hayo mawili.

Mfungo Mosi 9, Jumanne

Mashine. Saa nne. Hakusema neno.

Mfungo Mosi 12, Ijumaa

Mashine. Mvua. Aliniambia, "Sogeza pazia." Nimelisogeza.

Mfungo Mosi 13, Jumamosi

Zein amerudi nyumbani. Atakwenda mashine Jumanne na Ijumaa. Madaktari wasema tungoje miezi mitatu, figo zilizopigwa ghafla wakati mwingine huamka.

Simu yake ameichukua bila kusema. Ameilalia chini ya mto.

Mfungo Mosi 15, Jumatatu

Nimekwenda kwa Maalim Khubaib, anayesomesha watoto chuo cha nyuma ya msikiti. Tulisoma pamoja kwa babake tukiwa wadogo. Nilingoja watoto watoke. Nikamuuliza swali ambalo ilinipasa kumuuliza Ramadhani kumi na saba, na kutoka kwangu mpaka kwake ni hatua mia mbili.

"Maalim, kutoa damu kwa sindano kwafunguza?"

"Hakufunguzi."

"Na chuku?"

"Kwetu sisi hakufunguzi. Kwachukiza tu, kwa kuwa kwamtia mtu udhaifu."

"Babangu alikuwa hakubali."

"Babako alikuwa mpiga randa, Esha. Akitolewa damu hali ya kuwa amefunga hangeweza kusukuma randa mpaka alasiri. Alinambia mwenyewe. Hakusema ni haramu."

Mvua ikapiga mabati. Kisha akaniuliza, "Zein alifunga?" Nikasema alifunga yote isipokuwa moja. Akauliza, "Na daktari alimkataza?" Nikasema ndiyo.

Akavua miwani akaipangusa na kanzu, kanzu niliyomshonea mimi. "Basi yeye ndiye hakutakiwa kufunga. Ruhusa ile si ya wavivu. Ameitoa Mwenyewe, nani wa kuirudisha?"

Hakusema wewe. Alikuwa mpole. Nilitembea kurudi bila mwavuli, na hatua zile mia mbili zilikuwa ndefu.

Kama ningekuwa sijui dini kabisa, ningeuliza. Nilijua nusu, nikaona natosha.

Mfungo Mosi 19, Ijumaa

Mashine. Alikula wali kidogo.

Mfungo Mosi 22, Jumatatu

Gulshan amenifundisha kupika mchicha upya: kuuchemsha, kumwaga maji, kuuchemsha tena, ili chumvi ile mbaya itoke. Anajua yote haya. Miaka minne anajipikia hivi na mimi namdhania anajidekeza.

Nikamwambia, "Gulshan, nilikuwa nakusema moyoni."

"Moyoni tu? Wenzako wanisema ngazini." Akanisukuma na bega. "Koroga, usilie ndani ya sufuria, hatakiwi chumvi."

Mfungo Mosi 26, Ijumaa

Mashine. Leo aliongea na mgonjwa wa kitanda cha pili, Jaffar, dereva wa lori, wakacheka juu ya kompresa za friji za mtumba. Nilipoingia na chakula wakaendelea kucheka, lakini Zein alipunguza.

Mfungo Pili 3, Alhamisi

Nilimwambia leo mchana. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Idi, yakanitoka yote kwa pamoja na bila mpango: kwamba niliogopa siku zake kumi na sita zisiharibike, kwamba nilimkumbuka baba, kwamba nilisema uwongo hali nimefunga, anisamehe.

Alikuwa ameketi kwenye baraza ya ndani, anafungua kidude cha feni kwa bisibisi. Hakuacha kufungua.

"Hayo yote nayajua, Dada. Ulihofu, wanipenda, sawa. Mimi nina neno moja. Ungeniuliza."

"Nilidhani..."

"Ungesema, Zein, daktari amepiga, wasemaje? Basi. Ningekwenda. Pengine ningemwambia na kwamba nafunga, kwa kuwa nilishaanza kuogopa. Nilikuwa nangoja mtu anipe sababu ya kuacha bila kukuangusha wewe." Akaweka bisibisi chini. "Nilipokuwa na miaka minane ulikuwa ukinijibia kwa mwalimu, kwa muuza duka, kwa kinyozi. Nina arubaini na sita."

Nikasema, "Nisamehe."

Akasema, "Nitakusamehe. Bado." Akaichukua feni yake akaingia ndani.

Mfungo Pili 4

Mashine. Mvua.

Mfungo Pili 7, Jumatatu

Nimekata shauri. Figo mbili ninazo, ya kuishi nayo yatosha moja. Mara hii nilimuuliza kwanza. Nilisimama mlangoni pa chumba chake kama mpangaji, nikasema, "Zein, nataka nikapimwe nikupe figo. Wasemaje?"



"Pimwa," akasema. "Kupimwa si kutoa."

Mfungo Pili 9, Jumatano

Wamenitoa damu vichupa tisa. Sikuangalia pembeni. Damu yetu ni kundi moja, mimi na yeye. Nilitoka pale mwepesi kama msichana, nikanunua machungwa, nikakumbuka Zein hatakiwi machungwa kwa ile chumvi mbaya, nikawapa watoto wa kichochoroni.

Mfungo Pili 10

Nimemwomba Mungu kwa jambo hili tu. Sijaomba kitu kingine.

Mfungo Pili 16, Jumatano

Dua yangu haikusikilizwa.

Umaima aliniita kwenye chumba kidogo, akanipa kiti kabla hajasema. "Bi Mwanaesha, sukari yako kabla ya kula ni kumi na moja. Tumerudia mara mbili."

Sikufahamu. Nikamwambia, "Hiyo ni ya Zein."

"Ni yako. Nawe una kisukari. Pengine mwaka wa pili au wa tatu huu."

Kiu ile niliyoiita kiu ya Ramadhani. Kuamka kwenda chooni, nikasema ni uzee. Nauliza figo yangu, asema figo zangu nzima bado, lakini mwenye kisukari hatolewi figo, atahitaji zote mbili mwenyewe, na Zein nikimpa yangu nitampa kitu chenye ugonjwa ule ule ndani yake. Akanishika mkono. Nilitoka nikakaa chini ya upenu wa hospitali mvua ipungue, na haikupungua.

Kilichoharibika nyumba hii sina cha kukizibia. Nilikuwa nacho, nadhani, Ramadhani kumi na saba saa tano asubuhi, navyo vilikuwa vichupa viwili tu vya damu isiyokuwa yangu.

Mfungo Pili 17, Alhamisi

Zein aliambiwa na Gulshan, mimi sikuweza. Jioni nilipotoka kuswali magharibi nikakuta meza imetengwa, sahani mbili, vikombe viwili. Bakuli la sukari hakuna. Nimelitafuta kabatini, hakuna.

"Chai yako hii," akasema. "Haina kitu. Zoea."

Nilikunywa yote. Ilikuwa mbaya. Naye alikuwa akinichungulia kwa juu ya kikombe chake kidogo cha kupimiwa, maana maji sasa hunywa kwa kipimo, na nusura acheke.

Mfungo Pili 18, Ijumaa

Mashine. Miezi mitatu haijatimia, lakini mkojo haurudi, na daktari mkuu leo hakusema tena neno la kuamka.

Umaima alipita na karatasi zake. Alimwambia Zein kwamba wamemtoa kwenye utafiti, kwa sababu nafasi ya pili iko tupu na hesabu mbili zisizo na ya katikati hazisemi kitu. Nilimwomba aandike pale kwamba aliyekataa si yeye, ni mimi. Akasema karatasi ile haina mahali pa kuandika hivyo, ina alama tu ya aliyekuja na ambaye hakuja.

Lakini hakuondoka. Alizungukazunguka kando ya kitanda, akatengeneza mpira uliokuwa sawa. Kisha akamwambia Zein kwamba wanatafuta watu waliogundulika sasa hivi, figo zao bado nzima, wawahesabu mafundi mapema kabla uharibifu haujaanza, na wawafuate miaka. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, kiti cha plastiki, mkoba mapajani.

"Waonaje, Zein?" akamwambia. Alikuwa akiniogopa mimi, binti wa watu, na ana haki. "Dada yako atakubali?"

Zein alikuwa amelala chali, damu yake inakwenda na kurudi.

"Yuko hapo," akasema. "Muulize mwenyewe."

Umaima akanigeukia, akaniuliza. Alieleza yote tangu mwanzo, sindano ngapi, miaka mingapi, na kwamba mimi sitafaidika na kitu. Nikangoja Zein aseme neno, lolote, la kunisukuma mbele au la kunirudisha nyuma. Alikuwa amefumba macho, wala hakulala.

Nikasema ndiyo. Nikakunja mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko.